Nafasi ya Mkono wa Nthiga

Rula ya kwanza niliyokabidhiwa kazini ilikuwa ya uongo, na niliambiwa niiamini kuliko macho yangu. Ilikuwa ya chuma, imechakaa pembeni. Ukiilaza kando ya rula ya kawaida ya shule, inchi zake zilianza pamoja na zile nyingine kisha zikawa zinazipita kidogo kidogo, na kufika mwisho wa futi zilikuwa zimeachana kwa upana wa punje ya mchele. Nilidhani walioitengeneza walikuwa wamelewa. Mzee M'Ikiara, aliyenipa rula hiyo, alinitazama nikizilinganisha mbili hizo, akasema, "Umemaliza kukagua? Sasa hiyo ya shule peleka nyumbani."

Hivyo ndivyo nilivyoanza ufundi wa paterni katika karakana yetu ya Embu, nyuma ya soko. Nyinyi vijana wa karakana mmenisumbua muda mrefu niandike kabla sijasahau, nanyi siku hizi mna kompyuta inayopiga hesabu ya chuma kusinyaa kabla chai haijapoa. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, kwa kuwa vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua.

Kwa atakayesoma bila kuwahi kuingia karakanani, nieleze kidogo. Paterni ni sanamu ya mbao ya kifaa kinachotakiwa. Fundi wa mchanga anaifukia kwenye sanduku la mchanga wenye unyevu, anashindilia, kisha anaichomoa. Pale ilipokuwa panabaki shimo lenye umbo lake, na humo ndimo chuma kilichoyeyuka kinamiminwa. Tabu ni kwamba chuma kikipoa kinasinyaa. Ukichonga paterni ya saizi kamili utapata kifaa kidogo, na mteja atakurudishia akiwa na maneno. Kwa hiyo tunachonga kubwa kidogo kwa kutumia rula ambayo tayari imerefushwa kwa kiasi kile kile chuma kitakachopungua. Chuma cha kawaida kina rula yake, shaba ina yake, aluminiamu nayo ina yake. Ukizichanganya, umeumia.

Mimi nilizichanganya mapema. Wiki ile ile ya kwanza nilimtengenezea mama mlango wa jiko, nikapima kwa rula ya kazini bila kufikiri. Mlango ulikataa kuingia. Mama, ambaye nilikuwa nimemchosha kwa hadithi za kazi mpya, aliutazama ukiwa umeegemea ukuta akauliza kama nao ungesinyaa ukipoa. Niliupiga randa jioni nzima huku akicheka. Kwa aibu niliitia ile rula ya shule kwenye mkoba wangu, na tangu siku hiyo nilitembea nazo zote mbili.

M'Ikiara alikuwa mtu wa Nkubu, mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alichonga mbao ya muringa tu, akisema mbao nyingine zina tabia mbaya mvua ikinyesha. Alinifundisha kunoa patasi kwa siku nyingi kabla hajaniruhusu kugusa mbao. Alinifundisha kuacha mteremko pembeni mwa paterni ili itoke mchangani bila kuukwaruza. Hakunisifu hata mara moja, lakini aliacha kunisimamia, na katika karakana ile hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Nilimpenda sana mzee huyo. Nasema hivyo mapema kwa sababu nitakayoyasimulia hayampambi.

Rula haisemi yote, na hili ndilo ninalotaka mlishike. Kabla ya kuchomoa paterni, fundi wa mchanga hupachika kipande cha chuma juu yake, kisha hukigonga kwa nyundo huku na huku ili mbao ilegee. Kila pigo linausukuma mchanga na kupanua shimo. Mwenye mkono mwepesi hulipanua kidogo tu. Fundi wetu wa mchanga alikuwa Nthiga, mtu wa Kibugu, mfupi mwenye mabega mapana, na mkono wake haukuwa mwepesi. Aligonga akiimba nyimbo za kanisani, na nyimbo za kanisa lake zilikuwa na ngoma nyingi. Ajabu ni kwamba mchanga wake haukubomoka. Aliufinya kiganjani, akaufungua mkono kuangalia kama alama za vidole zimebaki, akaongeza maji kwa kunyunyiza kama mtu anayebariki, na baada ya hapo angeweza kugonga atakavyo.

Nthiga na M'Ikiara hawakuwa wakiongea. Nilivyosimuliwa, chanzo kilikuwa puli moja, gurudumu la mkanda la mashine ya kusaga mahindi, iliyotoka nene. M'Ikiara alisema mbele ya bosi kwamba Nthiga anagonga paterni kama anapasua kuni. Nthiga akajibu kwamba paterni za M'Ikiara zinanata mchangani, asipogonga zitakaa humo mpaka Krismasi. Kila mmoja alingoja mwenzake aombe msamaha, na miaka ikapita wakingoja. Nilipofika mimi, walifurahi wote wawili, maana walipata wa kutumwa. Walifanya kazi karibu karibu kiasi cha kupokezana kikombe cha chai bila kunyanyuka, lakini maneno yote yalipita kwangu.

"Wawira, ambia huyo mtu paterni ya puli iko tayari."

"Nthiga, paterni ya puli iko tayari."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Sasa muulize, ataileta ama niifuate?"

Mwanzoni nilicheka. Baadaye nilizoea, na mazoea hayo ni mabaya, kwa sababu nilianza kuona ni jambo la kawaida wazee wawili kuishi hivyo. Kazi zilikuwa zikitoka sawasawa. Gia ziliingia, puli zilizunguka, wateja walirudi na kazi nyingine. Nani angeuliza?

Mambo yaliharibika mwaka ambao nami nilikuwa tayari nachonga paterni zangu mwenyewe. Alikuja mteja mgeni na paterni iliyochongwa na fundi wa Nairobi, ya kifuniko cha pampu. Nthiga aliifukia, akaigonga, akaichomoa kama kawaida yake. Kifuniko kilitoka kinene hata bolti hazikuona matundu yake. Bosi wetu, Bwana Ireri, hakuwa mtu mkali, lakini mteja alikuwa amesimama pale pale. M'Ikiara naye hakuweza kujizuia. "Wawira," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "ambia bosi kwamba mimi nilisema tangu zamani."

Nthiga aliutazama mkono wake wa kulia, kisha kile kifuniko. "Lakini mkono ni ule ule," akasema, si kwa hasira bali kwa kushangaa. Kisha hasira ikafika. Alichukua mwiko wake wa kulainishia mchanga, akaufunga ndani ya koti, akaenda zake Kibugu kwenye shamba lake la chai.

Bwana Ireri aliajiri fundi mwingine upesi, Murungi, kijana aliyefunzwa katika karakana kubwa za Nairobi. Murungi alijua kazi, na sitaki mtu afikiri nitamsema vibaya. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa. M'Ikiara alimtazama siku ya kwanza akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyo sasa ni fundi," akaniambia, na kwa mara ya kwanza sikuwa na wa kumpelekea ujumbe.

Haikuchukua muda kabla gia kubwa ya mashine ya kumenya kahawa haijavunjika katika kiwanda cha wakulima kule kwetu, chini ya Kianjokoma. Ilikuwa Novemba, mvua inanyesha, matawi yameinama kwa kahawa mbivu. Kiwanda kilikuwa na mashine moja tu. Mnaojua kahawa mnajua kwamba ikishachumwa haingoji mtu. Inatakiwa kumenywa maganda upesi, vinginevyo inachacha na kunuka, na hapo haina budi kuanikwa na maganda yake iwe mbuni, ambayo wanunuzi wanaipokea kwa kukunja pua. Mama yangu alikuwa amepeleka magunia yake yote ya mchumo mkubwa. Mdogo wangu alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu, na nyumbani hakukuwa na kitu kingine cha kumpeleka isipokuwa kahawa ile.

Sikuwa na wasiwasi. Paterni ya gia hiyo ilikuwa kwenye rafu yetu, na ilikuwa imezaa gia nyingi nzuri. Murungi aliifukia, akagonga tu tu tu, akaichomoa, na sijawahi kuona shimo safi kama lile. Gia ilitoka inang'aa, meno yamekatwa safi kama sabuni. Tuliipakia kwenye pikapu ya bosi, tukaenda mimi na M'Ikiara kuifunga.

Mashine ilipowashwa nilijua kabla ya mtu yeyote kusema. Gia ilicheza. Meno yake hayakukamatana na ya mwenzake, yaligongana, ka, ka, ka, halafu likaja pigo moja zito na jino likaruka likagonga bati la ukuta. Watu waligeuka kututazama. Walikuwa wamejaa uwanjani na magunia yao, wengine wamejifunika karatasi za nailoni kwa mvua, na mama alikuwa katikati yao. Aliniangalia tu kama alivyoniangalia siku ile ya mlango, ila safari hii hakucheka.

Meneja wa kiwanda alituita pembeni. "Hii yote nitaiweka ndani ya maji," akasema. "Maji ya mto ni baridi, nikibadilisha-badilisha inaweza kungoja kidogo. Lakini keshokutwa mchana ikifika hamjarudi, naanika yote. Sina njia ingine, Mzee."

Njia nzima M'Ikiara alishika miwani mkononi na kufumba macho. Nilidhani ni uchovu.

Asubuhi yake, karakanani kulikuwa na makaa ya kuwasha tanuru mara moja tu. Lori la makaa lilikuwa limekwama njiani kwa mvua na hakuna aliyejua lingefika lini. Bwana Ireri alisema tukikosea tena ndiyo basi. Murungi alisimama kando ya sanduku lake la mchanga, akasema kwa heshima lakini kwa uhakika, "Mimi nilifuata paterni, bosi. Shimo ni saizi ya paterni. Kama gia ni ndogo, angalieni mbao."

Niliishusha paterni rafuni, nikaipima kwa rula ya kazi. Nikapima tena. Nikageuza upande, nikapima mara ya tatu, kisha meno, moja moja. Mzingo ulikuwa mdogo kuliko rula ilivyotaka, na kila jino lilikuwa jembamba. Kwa rula ya shule ilikaribia saizi ya gia yenyewe, bila nafasi ya kusinyaa.

"Mzee," nikasema, "paterni hii ni ndogo."

"Najua."

"Imekauka?"

"Muringa haikauki hivyo." Alivua miwani akaifuta kwa koti, akaivaa tena, na bado hakuniangalia. "Nilichonga hivyo mimi mwenyewe. Huyo mtu alikuwa anagonga, gia zinatoka nene. Nikapunguza mbao. Akazidi kugonga. Nikapunguza tena. Ningefanya nini, Wawira? Niongee na yeye?"

Nikaangalia rafu, kutoka chini hadi juu, paterni zote alizochonga miaka ile yote. "Ni hii peke yake?"

Alinyoosha kidole kwenye iliyofuata, kisha iliyofuata, mpaka mwisho wa rafu. Kila kitu pale kilikuwa kimepimwa kwa mkono wa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Kibugu anachuma chai.

Murungi alipoelewa hakucheka wala hakumlaumu mzee. Alijaribu. Alifukia paterni, akagonga kwa nguvu, na kuta nyembamba za mchanga katikati ya meno zikabomoka. Akarudia, zikabomoka tena. "Mimi sijui kugonga hivi bila kuvunja," akasema. "Nikidanganya nitawaharibia chuma." Tulifikiria kuongeza karatasi na gundi kwenye kila jino la paterni, lakini kwa mvua ile gundi ingekauka wiki nzima, na mchanga wenye unyevu ungeibandua. Kuchonga gia mpya kulihitaji siku ambazo kahawa haikuwa nazo. Bwana Ireri alitoa ufunguo wa pikapu, akanipa mimi. Sikuwa nimeondoka bado, nikamwona M'Ikiara ameitia paterni ndani ya gunia na kupanda mbele.

Tulimkuta Nthiga katikati ya chai yake, kikapu mgongoni, ukungu wa msituni ukiwa umeshuka hadi kwenye mapaa ya nyumba. Alituona akaendelea kuchuma. Mkewe alitoka jikoni akatusalimu, akamwita mumewe mara mbili. Alikuja polepole, akasimama upande wangu wa kushoto. M'Ikiara alikuwa upande wa kulia. Sikupanga hivyo, ni miguu yetu ilivyozoea.

"Wawira," M'Ikiara akaanza, "ambia Nthiga apime hii." Akaitoa paterni guniani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina lake.

Nthiga hakuhitaji rula. Alipitisha kidole gumba kwenye meno, nyuma na mbele, uso ukibadilika. "Hii ni ndogo. Muulize imekuwa ndogo tangu lini."

"Mwambie tangu puli ile. Kila mwaka nilikuwa namwachia nafasi ya mkono wake."

Nthiga aliteremsha kikapu, akaketi kwenye ukingo wa shamba. "Ngai wakwa, Mungu wangu," akasema. "Mwambie mimi nilianza kugonga sana kwa sababu vitu vyake vilikuwa vinatoka vidogo. Naona gia imetoka ndogo, naogopa wataniambia mimi ndiye mbaya, naongeza nyundo. Mwaka unaofuata ni ndogo tena, naongeza. Mpaka bega likaniuma. Mpaka leo linauma!"

Mimi nilikuwa katikati na sikuwa na haja ya kuwafikishia neno, maana wote wawili walikuwa wamesikia. Yule wa kulia alikuwa akichonga ndogo kwa sababu yule wa kushoto anagonga, na yule wa kushoto alikuwa akigonga kwa sababu yule wa kulia anachonga ndogo. Na katikati yao, mwaka baada ya mwaka, gia zilikuwa zikitoka sawasawa. Wateja walitusifu.

"Na nyinyi wote mko na midomo," mke wa Nthiga akasema, akarudi jikoni.

Nilidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Nthiga aliinuka, uso umekuwa mgumu. "Kwa hivyo nilifukuzwa na mbao zake. Mbele ya wageni. Mwambie arudi na paterni yake Embu. Huko wako na fundi, si alisema huyo sasa ni fundi? Maneno hufika Kibugu pia."

M'Ikiara akanigeukia, akinisubiri mimi nipeleke kitu ambacho hajakisema. Na hapo, wenzangu, nilishikwa na hasira ambayo sikujua ninayo.

"Leo sipeleki neno la mtu," nikasema. "Leo nina langu. Kahawa ya mama yangu iko ndani ya maji. Ya majirani iko ndani ya maji. Hakuna hata mmoja wao anayejua puli yenu ni nini. Ndugu yangu amefunga sanduku la kwenda chuo, liko nyuma ya mlango, anangoja. Kesho mchana wanaanika. Mkitaka kuendelea kukasirikiana, endeleeni, lakini mje mkasirikie Embu, kando ya mchanga."

Nilikuwa nimewafokea wazee wawili kwenye shamba la mmoja wao. Nthiga aliingia nyumbani, akatoka na koti lake. Mwiko ulikuwa ungali umefungwa ndani, vile vile alivyoondoka nao.

Karakanani Murungi alikuwa amechekecha mchanga na kuuandaa, akampisha bila neno. Nthiga aliufinya, akaufungua mkono, akaongeza maji. Alifukia paterni, akashindilia, akapachika kile kipande cha chuma, akainua nyundo. Nyundo ikabaki juu.

Hakuwa akiimba. Aligonga mara moja, kidogo, kama Murungi. Aligonga tena, kwa nguvu mno, na punje za mchanga zikaanguka kutoka ukingoni. Akasimama. "Siwezi," akasema. "Zamani nilikuwa nagonga tu. Sasa najua nagonga. Sijui nifike wapi." Jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile. Tanuru lilikuwa limewashwa, makaa ya mwisho yanaungua, na chuma hakingoji fundi akumbuke mkono wake.

M'Ikiara alipiga magoti. Aliinama mpaka shavu likakaribia mchanga, akifumba jicho moja, akiutazama ule ufa mwembamba kati ya mbao na mchanga. Ni yeye peke yake aliyejua amepunguza kiasi gani na wapi.

"Wawira, mwambie aongeze upande wa..." Nthiga alishagonga, na upande ulikuwa mwingine. Ufa ulipanuka pasipotakiwa. Hakukuwa na muda wa neno kupita kwa mtu wa tatu.

"Nthiga, bado!" mzee akapaza sauti. "Huku kwangu. Kwa dirisha."

"Hapa?"

"Hapo. Ongeza. Tena. Sasa mlangoni, pole pole. Pole pole, ndugu yangu, hapo ni pembamba. Ongeza. Ongeza kidogo..."

Bwana Ireri alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Ufa ulikuwa umefika unene wa ukucha.

"Basi!" M'Ikiara akasema.

Nyundo ilisimama hewani. Nthiga aliiweka chini, akashika paterni kwa vidole vya mikono yote miwili, akavuta pumzi, akainyanyua wima. Ilitoka. Jino hata moja halikubomoka. Murungi alitoa sauti ndogo kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

Tulimimina. Kisha ikabidi kungoja, na kungoja chuma kipoe ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Ukifungua mapema kinaweza kupasuka. Asubuhi Nthiga alivunja mchanga, gia ikatoka nyeusi, nene, haina uzuri wowote. M'Ikiara aliniambia niipime mimi. Niliitoa mkobani rula ya shule, ile ya kweli, kwa sababu chuma kilichokwisha kupoa rula yake ndiyo hiyo. Nilipima mzingo, nikapima meno. Nikawaonyesha kwa kidole pale inchi ilipoangukia, pale pale ilipotakiwa.

Baadaye paterni zile zote nilizichonga upya, moja moja, kwa saizi ya rula, huku Nthiga akijifunza kugonga kama watu wengine na bega lake likipona. Ndiyo maana mkikuta paterni yangu yoyote mnaweza kuiamini. Lakini hata leo, kabla sijashika rula, nauliza ni nani atakayegonga, kisha naenda nikamuulize mwenyewe. Kompyuta yenu haitafanya hivyo. Itabidi mwende wenyewe.

Siku ile tulifika kiwandani kabla ya mchana, M'Ikiara na Nthiga wakiwa nyuma ya pikapu, wameikalia gia pande mbili isirukeruke. Vitanda vya kuanikia vilikuwa vimeshafagiliwa. Meneja alipotuona alikimbia mvuani bila kofia. Tuliifunga, tukakaza bolti, mashine ikawashwa. Meno yaliingiliana, yakanguruma kidogo, yakatulia. Maganda mekundu yalianza kutoka upande mmoja na mbegu nyeupe zenye utelezi upande wa pili, na watu wakapiga kelele kama wameona gari la harusi.

Wazee wale wawili walisimama mbele ya mashine wakisikiliza. Mimi nilisimama katikati yao, mahali pangu.

"Wawira," Nthiga akasema, macho kwenye gia, "ambia huyo Mzee paterni yake bado ni ndogo."

"Mwambie nimesikia," M'Ikiara akajibu, naye hakugeuza kichwa. "Na umwambie bado anagonga kama anapasua kuni."

Sikumwambia mtu chochote. Mama alikuwa ameshika upande mmoja wa gunia lake lililotoka majini, akiniita kwa kichwa. Nikaenda nikashika upande wa pili, tukaliinua kulimimina, nikawaacha pale waambiane wenyewe.